Bakari Hakufa Mkongani

Wanangu wa kundi la skauti la Mwabungo, asalaam aleikum, na wale wa dini nyingine, hamjambo. Bakari, kiongozi wenu, ameniomba niwaandikie nusu ukurasa wa kubandika kwenye mlango wa darasa mnalokutania, niwaeleze shughuli za muhula huu na kwa nini kambi ya mwaka huu inarudi Mkongani. Nusu ukurasa! Mtu amefundisha shule ya msingi tangu msichana mpaka nywele zikawa nyeupe, na akaongoza skauti karibu muda wote huo, halafu unampa nusu ukurasa. Nimemwambia atafute mlango mkubwa zaidi.

Shughuli zenyewe si nyingi. Jumamosi hii ni usafi wa ufuo, kuanzia pale samaki wanaposhushwa mpaka upande wa Galu. Njoo na gunia. Kama huna glavu, vaa soksi kuukuu mikononi, zinafaa vilevile, ila usije ukazirudisha miguuni kabla hujazifua. Jumamosi inayofuata ni huduma ya kwanza, na atakayefundisha ni Mishi, tabibu wa zahanati moja kule upande wa Msambweni. Wiki ya kwanza ya likizo ni kambi ya Mkongani, siku tatu. Mwisho wa likizo wapya wataapishwa, na wazazi wote wanakaribishwa.

Hayo ndiyo matangazo. Sasa tukae tuzungumze.

Jumapili iliyopita tulikuwa na mkutano wa wazazi hapo shuleni. Bakari alikuwa amegawa karatasi za ruhusa ya kambi, akawa anasubiri watu watie sahihi. Mbele kabisa alikaa bibi yake Zuhura, mama wa makamo yangu, mkono umeshika karatasi lakini kalamu hataki kuipokea.

"Mjukuu wangu haendi Mkongani," akasema. "Kuna mtoto alikwenda huko na skauti hawa hawa, akaumwa na nyoka, akarudishwa maiti. Sote twajua."

Minong'ono ikaanza. Niliona wazazi wawili nyuma wakikunja karatasi zao kimya kimya na kuzitia mfukoni.

"Bibi, shikamoo," Bakari akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Huyo mtoto aliyekufa alikuwa akiitwa nani?"

"Jina lake silijui. Lakini mamake alikuwa akiuza mahamri pale stendi ya Ukunda."

Bakari akainama, akapandisha mguu wa suruali mpaka gotini. "Mama yangu anauza mahamri pale mpaka leo, bibi. Mtoto huyo ni mimi."

Darasa zima likaangua kicheko. Bibi hakucheka. Alivaa miwani, akasimama, akaja mpaka mbele, akalitazama kovu lililo juu ya kifundo cha mguu, akaligusa kwa kidole kama mtu anayepima kitambaa dukani. "Basi mbona watu walisema umekufa na hawakusema umepona?" akauliza. Hapo hata yeye akacheka. Kisha akauliza, "Nani alikuponya?"

"Ni Mishi, na Mwalimu Mejumaa huyu hapa," Bakari akajibu.

Mishi hakuwepo. Mimi nilikuwepo, mzee mwenye leso, nimekaa kwenye kiti cha mbele, kwa hiyo makofi yote yakaja kwangu. Nilisimama niseme neno, muadhini akaanza adhana ya adhuhuri, mkutano ukavunjika. Karatasi zilitiwa sahihi, alhamdulillahi. Lakini makofi yale niliyapeleka nyumbani na hayakunikaa vizuri, kwa sababu sehemu kubwa haikuwa yangu. Na ninyi mnaokwenda Mkongani mna haki ya kujua nini hasa kilitokea, siyo kile cha kwenye mahamri na kahawa.

Nianze na jinsi nilivyoingia kazi hii, maana sikuitafuta. Nilipofika shuleni nikiwa mwalimu mgeni, mwalimu mkuu aligawa majukumu siku ambayo nilikuwa na homa nyumbani. Michezo ilikuwa imeshachukuliwa, kwaya imechukuliwa, bustani imechukuliwa. Niliporudi nikakuta mimi ni skauti. Sikujua hata kufunga skafu shingoni. Watoto walinifunga wao, na walinifunga kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Aliyenipokea na kunifunza alikuwa Mwalimu Hamisi Mwero, ambaye Mungu amrehemu. Yeye alikuwa akiongoza skauti kabla baadhi ya babu zenu hawajaoa. Mtu mrefu, mkavu, kofia haimtoki kichwani, na sauti yake haikuwahi kupanda. Ukikosea, alikuwa akikuacha ukosee mpaka mwisho. Kambi yangu ya kwanza nilichagua mahali pazuri pa kuweka jiko, kivuli kizuri, upepo mwanana. Alikuja, akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Mahali pazuri, Mejumaa," akaondoka zake. Saa saba mchana nazi ilishuka juu ya sufuria ya wali wa watu ishirini. Sufuria ikawa sahani. Alirudi, akatazama juu tena, akasema, "Ni mnazi." Tangu siku hiyo sijawahi kuweka kitu chochote mahali popote kabla sijatazama juu. Nanyi mtatazama juu.

Alinifunza kuwasha moto kwa vifuu na makumbi ya nazi siku ya mvua. Alinifunza kwamba mtoto anayelia kambini siku ya kwanza haulizwi kwa nini analia, anapewa kazi ya kumenya vitunguu, basi machozi yake yanapata sababu na heshima yake inabaki. Alinifunza kuhesabu watoto kwa kugusa vichwa, wala si kwa macho. Yote hayo nimeyatumia na sijayaona yakishindwa.

Na alinifunza habari ya nyoka. Ndani ya kofia yake, kwenye mkunjo, alikuwa akiweka wembe mpya uliofungwa kwa karatasi. "Mtoto akiumwa," alikuwa akisema, "funga juu ya jeraha, kaza mpaka kamba izame, kisha chanja, kisha nyonya damu uteme." Nikajifunza hivyo. Alipostaafu na kurudi kwao Msambweni, alinipa wembe wake. Nikaushonea mfuko mdogo ndani ya kofia yangu. Nilijivunia wembe ule kama wengine wanavyojivunia beji.

Sasa nije kwenye kosa langu, na kosa lenyewe lilianza kwenye kikombe cha chai.

Jumamosi moja, muhula wa kambi ya Mkongani, muuguzi kijana alikuja shuleni kuwafunza skauti huduma ya kwanza. Alikuja kwa hisani yake, na boda boda, na begi la bendeji. Nilimkaribisha vizuri, nikampa darasa, nikamwambia nitakuwa karibu. Kisha nikaenda chumba cha walimu kunywa chai na mbaazi. Nilijiambia, mimi yote haya nayajua, kijana huyu atanifunza nini? Nilikaa huko saa nzima na nusu. Nilipotoka, muuguzi alikuwa akifunga begi lake na watoto wakimpigia saluti.

Miongoni mwa waliokaa mstari wa mbele siku ile alikuwa Mishi. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba, mtulivu, hijabu ya shule imepigwa pasi hata Jumamosi. Hakuwa mtoto wa maneno. Alikuwa akiandika. Kila kitu alikiandika katika daftari la mistari alilolifunika kwa karatasi ya gazeti. Walimu wengine walidhani ni mzito. Mimi nilidhani ni mwenye haya tu.

Tulikwenda Mkongani wiki tatu baadaye, watoto kumi na wanane, mimi, na mzazi mmoja wa kutusaidia kupika. Tulipiga hema kwenye shamba la mzee mmoja mkarimu aliyekuwa na michungwa na mikorosho, mahali ambapo gari haifiki. Ukitaka barabara, ni kutembea karibu nusu saa kwa njia ya miguu, kushuka bondeni na kupanda tena.

Asubuhi ya siku ya pili niliwatuma watoto wawili wawili kuokota kuni. Bakari alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kama mnavyomjua, hata leo hatembei, anaruka. Nilikuwa nimewaambia wapige majani kwa fimbo kabla ya kuinama. Alipiga mara ya kwanza, akapiga mara ya pili, mara ya tatu akaona anachelewa. Akaruka gogo, akatua upande wa pili na ndara zake.

Nilisikia ukelele nikiwa jikoni. Nilipofika alikuwa amekaa chini ameshika mguu, na Mishi, aliyekuwa mwenzake wa kuokota kuni, amepiga magoti mbele yake. Hatua chache kutoka hapo bafe alikuwa akijivuta taratibu kuingia kwenye majani. Bafe hana haraka. Ni nyoka mfupi, mnene, rangi ya majani makavu, na hakukimbii. Anangoja umkanyage.

Wavulana wawili walikuwa wameshaokota mawe. "Mwacheni," Mishi akasema bila kugeuka. "Mwacheni aende zake. Tukimfuata tutakuwa na wagonjwa watatu." Nilishangaa kusikia sauti yake tu. Sikuwahi kuisikia ikiwa juu hivyo.

Nikavua kofia. Nikatoa wembe. Nikafungua skafu yangu, nikaizungusha chini ya goti la Bakari, na nikaanza kukaza.

"Mwalimu, usifunge," Mishi akasema.

"Shika mguu, Mishi."

"Mwalimu, tafadhali. Usifunge na usichanje. Muuguzi alisema tukifunga, damu haipiti na mguu unakufa. Alisema bafe sumu yake huozesha nyama. Tukiifungia mahali pamoja, ndiyo tunauozesha mguu."

"Muuguzi yupi?"

"Yule wa Jumamosi. Wewe ulikuwa..." Akasita. Alikuwa mtoto wa adabu, hakutaka kusema nilikuwa nakunywa chai. "Wewe hukuwepo, Mwalimu."

Wanangu, sijui nitawaelezaje kile nilichokihisi. Bakari alikuwa akilia na mguu ulikuwa umeanza kufura mbele ya macho yangu. Watoto kumi na sita walikuwa wamesimama wakinitazama mimi, siyo yeye. Nilikuwa mwalimu wao. Nilikuwa na wembe wa Mwalimu Hamisi mkononi, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikosea. Na mbele yangu alikuwa msichana wa darasa la nane, ambaye ameweka mkono wake juu ya wangu, kwa upole, lakini hauondoi.

"Una hakika?" nikamwuliza.

"Nimeandika, Mwalimu."

Alikimbia hemani akarudi na daftari. Akanionyesha ukurasa. Mwandiko mdogo, safi, na amepiga mstari chini ya maneno: usifunge, usichanje, usinyonye, usipake dawa. Mtulize. Asitembee. Mfunge kijiti mguu usicheze. Hospitali haraka.

Nikaifungua skafu. Kusema kweli sikuwa na hakika hata kidogo. Nilimwamini kwa sababu yeye alikuwa amekuwepo siku ile na mimi sikuwepo. Hiyo ndiyo sababu pekee niliyokuwa nayo.

Kuanzia hapo Mishi alisema na sisi tukafanya. Alimvua Bakari ndara na kikuku cha uzi alichokuwa amevaa kifundoni. Alimwambia alale na anyamaze, na akamweleza kila anachofanya kabla ya kukifanya. Tuliweka vijiti viwili kando ya mguu, tukavifunga kwa skafu, vya kushika tu, kiasi cha kidole kupita. Alichukua kalamu akachora mstari pale uvimbe ulipofika, akaandika saa juu ya ngozi. Wakubwa walikata miti miwili mirefu, wakaipitisha ndani ya mashati yao matatu, vifungo vimefungwa, na machela ikawa tayari. Hicho nilikuwa nimewafunza mimi, nacho kilishika. Mnaponiona nikiwasumbua kila mwezi mtengeneze machela mpaka mnachoka, ni kwa sababu hiyo.

Wanne walibeba, wanne walitembea pembeni wakipokezana, na waliosalia walibaki kambini na yule mzazi. Nilijaribu kumpigia simu mama yake Bakari, mtandao haukuwepo mpaka tulipopanda upande wa pili wa bonde. Bakari alikuwa ametapika na midomo imekuwa ya kijivu. Kila tuliposimama kubadilishana mikono, Mishi alichora mstari mwingine. Mstari wa tatu ulikuwa umevuka katikati ya muundi.

"Mwalimu, nitakufa?" Bakari akaniuliza.

"Hufi. Una sufuria ya kuosha."

"Siyo zamu yangu leo."

"Nimeibadilisha."

Alicheka kidogo, akalia tena. Tulipofika barabarani pikapu ya machungwa ilikuwa ikipita. Dereva alisimama bila kuuliza swali, akashusha nusu ya magunia yake kando ya barabara na kuyaacha pale pale. Mishi nami tulipanda nyuma na Bakari. Sijawahi kumwona tena mtu yule. Nimemwombea dua mara nyingi.

Hospitalini daktari aliutazama mguu, akatazama mistari ya kalamu na saa zilizoandikwa, akaniuliza mimi, "Nani amefanya hivi?" Kabla sijajibu akaendelea, "Mmefanya vizuri sana, Mwalimu. Wengi wanatuletea mguu umefungwa kamba, mweusi." Akaingia na mtoto ndani, mlango ukafungwa. Mishi alikuwa amesimama nyuma yangu na daftari lake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema.

Mama Bakari alifika saa kumi hivi, unga wa ngano bado uko kwenye mikono yake. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nilikuwa nastahili, maana mtoto alitoka mikononi mwangu. Alinishika mabega.

"Yu hai?"

"Yu hai. Wamempa dawa. Wanasema mguu utafura sana lakini wanatumaini utabaki."

Alikaa chini sakafuni pale pale. Hakulia. Akasema tu, "Nilikataa asiende, Mwalimu. Wewe ndiye uliyekuja nyumbani kuniomba." Maneno hayo hakuyasema kwa hasira. Nafikiri angeyasema kwa hasira ningelala vizuri zaidi mwaka ule.

Bakari alikaa hospitalini muda mrefu. Ngozi iliharibika kidogo karibu na kifundo, ndilo kovu mliloliona. Mguu ulibaki. Katika siku hizo ambazo hakuonekana mtaani, watu wakamzika kwa midomo yao, na wapo ambao hawajamfukua mpaka leo.

Shuleni mimi nikawa shujaa. Mwalimu mkuu alinisimamisha kwenye gwaride la Ijumaa, akasoma barua ya shukrani, akasema mafunzo yangu bora yameokoa maisha, na akanipachika beji ya heshima kifuani. Mishi alikuwa kwenye mstari, mikono pembeni, anatazama mbele. Nilipopita karibu naye baadaye nilitazama viatu vyangu. Yeye akasema, "Hongera, Mwalimu," na alikuwa akimaanisha. Hilo ndilo lililoniuma.

Wiki mbili nilibeba jambo hilo. Kisha nikapanda gari kwenda Msambweni kumwona Mwalimu Hamisi. Nilimkuta kwao, anatengeneza kiti cha kamba barazani. Nilimwamkia, tukanywa kahawa, nikamsimulia yote, wembe, chai, Mishi, daktari. Nilidhani atakasirika kwamba nimeyatupa mafunzo yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaacha ile kamba.

"Daktari alisema mguu uliofungwa unakuwa mweusi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kulikuwa na mtoto," akasema, "kabla yako. Nilimfunga mimi mwenyewe, nikakaza kama nilivyofunzwa. Alipona. Lakini mguu walimkata hapa." Akaonyesha chini ya goti lake. "Miaka yote nimesema ni sumu ya nyoka."

Nilitazama chini. Yeye ndiye aliyenifariji mimi, fikirini! Akasema, "Mejumaa, mimi sikujua. Hakuna aliyenishika mkono. Wewe umeshikwa mkono na unajua. Sasa umekuja Msambweni kutafuta nini? Mimi sina cha kukupa. Rudi, uwaambie watoto."

Nikampa wembe wake. Aliupokea, akautazama, akauzika kwenye mchanga chini ya ngazi ya mlango wake, akakanyaga kwa kisigino.

Ijumaa iliyofuata nilimwomba mwalimu mkuu dakika tano kwenye gwaride. Alidhani ni tangazo la skauti. Nilisimama mbele ya shule nzima na nikasema kama nilivyowaambia ninyi hapa. Nilisema nilikuwa nakunywa chai. Nilisema nilikuwa nimeshaanza kukaza. Nilisema, "Mguu wa Bakari umeokolewa na Mishi, na mimi nimevaa beji yake wiki tatu." Nikaitoa, nikaenda kwenye mstari wa darasa la nane, nikampachika. Kwa haraka yangu nikamchoma kidogo na pini.

"Aa, Mwalimu!" akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Ungeniambia tu, ningefurahi."

"Kukuambia peke yako kungekuwa rahisi mno kwangu," nikamjibu.

Mwalimu mkuu hakufurahi. Aliniita ofisini. "Umejivunjia heshima mbele ya watoto, Mwalimu Mejumaa. Kesho nani atakusikiliza?" Hofu hiyo hiyo nilikuwa nayo mimi. Jumamosi nilikwenda kwenye mazoezi kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Nilikuta uwanja umejaa. Waliokuwa wameacha skauti wamerudi, na wasichana wapya saba wamesimama nyuma ya Mishi, kila mmoja ana daftari limefunikwa gazeti.

Na maswali! Tangu siku hiyo sikupumua. Mwalimu, kwa nini fundo hili na si lile? Mwalimu, kwa nini maji yachemke muda wote huo? Mwalimu, nani amesema? Wakati mwingine nilijibu. Wakati mwingine nilisema sijui, tukatafute. Mvulana mmoja aliniuliza kwa nini skafu hukunjwa pembe tatu, na mpaka nastaafu sijapata jibu. Nilianza kukaa darasani kila mgeni alipokuja kufundisha, nikaandika na mimi. Chai nilikunywa baadaye, imepoa.

Bakari alirudi kundini akichechemea, akabaki, na kama mnavyoona hakutoka tena. Mama yake alitia sahihi karatasi ya kambi iliyofuata mwenyewe. Aliniletea nyumbani, pamoja na mahamri ya moto yaliyofunikwa kwa kawa. Akasema, "Huyu akiruka gogo tena, mpige wewe kwanza, kisha umlete nami nimpige." Mishi alimaliza shule, akasomea utabibu. Siku aliyopata kazi alipita kwangu kabla ya kwenda kwao. Nimefundisha watoto ambao leo ni mahakimu, manahodha na wapishi wa mahoteli ya Diani, na wote najivunia. Lakini siku ile nilifunga mlango nikapiga vigelegele peke yangu ndani ya nyumba, majirani wakadhani kuna posa.

Basi, Bakari anawarudisha Mkongani watu wamwone akitoka huko mzima. Vaeni viatu vilivyofunikwa, siyo ndara, na asubuhi vikung'uteni kabla ya kutia mguu. Fimbo kila mtu na yake, na usihesabu mara tatu halafu ukachoka. Njooni na mashati yenye vifungo vizima, machela haitengenezwi kwa fulana. Daftari ni lazima mwaka huu. Mishi amepata ruhusa kazini siku mbili za mwanzo za kambi, na Jumamosi ya huduma ya kwanza atakuwa nanyi kuanzia saa tatu asubuhi. Asiyefika Jumamosi hiyo haendi kambini, hata kama karatasi yake imetiwa sahihi na ukoo mzima. Zuhura, bibi yako ameniuliza kama wazee wanaruhusiwa kuja kutazama. Nimemwambia waje na mito yao.

Mimi pia nitakuja. Magoti hayapandi bonde lile tena, lakini Bakari ameahidi kunipeleka kwa boda boda mpaka pale itakapofika, na kutoka hapo ninyi wakubwa mtanibeba kwa machela, iwe mazoezi. Nitakaa jikoni, nitamenya vitunguu na wanaolia, nitatoa amri nyingi. Nyingine nilijifunza zamani na huenda zimeshapitwa. Mkinisikia nakosea, msiangaliane wala msisubiri nimalize. Njoo ushike mkono wangu, sema, "Mwalimu, hapana," na usiuondoe mpaka nikuulize kama una hakika.